Pampu ya dizeli, sili ya shafti na jino moja la belti: uchambuzi wa kisa

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani yenye injini ya dizeli ya silinda nne, haina turbo, na pampu yake ni ile ya kimakenika ya mzunguko inayoendeshwa na belti ya taimingi. Mwenye gari si fundi. Kazi alizowahi kuzifanya kwa mikono yake ni kubadilisha oili, filta na pedi za breki za mbele, basi. Malalamiko yake yalikuwa matatu. Asubuhi gari halikubali kuwaka mpaka stata ipigwe muda mrefu. Likishapata moto likazimwa, haliwaki tena mpaka lipoe. Na mbele ya injini, nyuma ya kifuniko cha belti, kulikuwa na tone la dizeli lisilokauka. Kila aliyemuuliza alimpa jibu lilelile: pampu imekufa, tafuta nyingine.

Jibu hilo lilikuja kuwa sahihi. Tatizo ni kwamba lilitolewa kabla boneti haijafunguliwa. Kila moja ya dalili hizo, ukiichukua peke yake, ina vyanzo vingine vidogo kuliko pampu. Kuwaka kwa shida asubuhi huweza kuwa hita plagi (vipasha joto vya silinda) zilizoungua, betri dhaifu, au hozi iliyopasuka inayoingiza hewa. Kukataa kuwaka kwa moto huweza kuwa stata iliyochoka, isiyozungusha injini kwa kasi ya kutosha. Tone la dizeli huweza kutoka kwenye washa ya shaba ya mwaka juzi. Anayeanza akiruka hatua ya kuthibitisha, anaweza kufanya kazi kubwa kuliko zote kwenye mfumo wa mafuta, akaikamilisha vizuri, na gari likabaki na ugonjwa wake uleule.

Kabla ya vipimo, ni lazima ieleweke pampu hii inafanya nini, maana vipimo vyote vinatoka humo. Ndani ya bodi moja mna pampu mbili. Ya kwanza ni ya mapezi madogo; inavuta dizeli kutoka kwenye tanki kupitia filta na kuijaza bodi yote kwa shinikizo la baa chache, ambalo hupanda kadiri injini inavyozunguka haraka. Ya pili ni planja moja tu, yaani kifimbo cha chuma kinachosukuma mafuta. Inazunguka na papo hapo inakwenda mbele na nyuma, ikisukumwa na sahani yenye vilima vinne, na kila ikisukumwa inapeleka mafuta kwenye bomba la silinda ambayo zamu yake imefika. Pampu inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, shafti kuu ya injini. Injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, planja hiyo moja inapiga mara 8,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 130 kila sekunde, na kila pigo lazima lifikishe shinikizo la kufungua nozeli (kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda), ambalo kwa injini za aina hii ni kama baa 120 hadi 150. Vyote hivyo havipati oili. Vinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita.

Planja inakaa kwenye tundu lake kwa nafasi ya mikroni chache, chuma kwa chuma, bila mpira wowote. Ikilika, dizeli ya baridi bado inaziba nafasi hiyo kwa uzito wake. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya, na kwa mwendo mdogo wa stata shinikizo halifiki. Ndiyo maana pampu iliyolika huonyesha ugonjwa wake gari likiwa na moto. Na mbele, pale shafti inapotoka nje kukutana na puli ya belti, kuna sili ya mpira inayozuia shinikizo la ndani ya bodi lisitoke. Injini ikinguruma, sili mbovu hutoa dizeli nje. Injini ikizimwa, kwa kuwa tanki liko chini kuliko pampu, mafuta yanataka kurudi, na sili ileile huingiza hewa.

Kuthibitisha

Mwenye gari alianza na vilivyo rahisi: hita plagi zote nne zilipitisha umeme, betri ilikuwa na nguvu, filta ilikuwa mpya. Kisha akaweka kipande cha hozi ya plastiki inayoonyesha ndani, karibu na mahali dizeli inapoingilia pampu. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote kwa mtu wa nyumbani, kwa sababu hakihitaji geji wala uzoefu, kinahitaji macho. Injini ikinguruma, mafuta yalipita safi bila mapovu. Maana yake upande wa tanki, hozi na filta hazikuwa zinavuta hewa. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kugusa ufunguo, hozi ile ilikuwa tupu nusu nzima: mafuta yalikuwa yamerudi nyuma usiku.

Hapo watu wengi hufanya kipimo cha kidumu. Unaning'iniza kidumu cha dizeli safi juu kuliko injini, unaunganisha hozi yake moja kwa moja kwenye pampu, na kama gari linawaka vizuri, unasema lawama ni ya tanki na hozi. Gari hili liliwaka vizuri kwa kidumu. Laiti angeishia hapo, angebadilisha hozi zote za chini ya gari bure. Kidumu kikiwa juu, mafuta yanaisukuma pampu kwa uzito wake, hewa haipati nafasi ya kuingia kwenye sili hata kama imechanika. Kwa hiyo kidumu hakitofautishi hozi mbovu na sili ya shafti mbovu. Kilichotofautisha ni ile hozi ya plastiki isiyokuwa na mapovu, pamoja na jambo jingine: kidumu kilipoachwa kimeunganishwa na injini imezimwa, tone la nyuma ya kifuniko cha belti liliongezeka.

Ikabaki dalili ya moto. Aliendesha mpaka injini ikapata joto lake kamili, akazima, akapiga stata: ilizungusha kwa kasi ile ile ya siku zote lakini gari halikuwaka. Akafunika kichwa cha pampu, pale mabomba manne yanapotokea, kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, akasubiri kidogo, akapiga tena. Likawaka. Mafundi wa zamani humwagia maji moja kwa moja. Mimi sipendi chuma cha moto kipigwe maji ghafla, na kitambaa kinatoa jibu lilelile. Kichwa kikipoa, dizeli iliyo ndani inakuwa nzito kidogo na planja iliyolika inapata pa kushikia. Hapo ndipo pampu ilipohukumiwa.

Sili peke yake au pampu nzima?

Sili ya shafti inauzwa peke yake, na kuna wanaoibadilisha bila kuishusha pampu. Kwa tone peke yake ningeshauri hivyo. Lakini sili haigusi planja, na kipimo cha kitambaa kilikuwa kimeshasema planja imelika. Kuifungua pampu yenyewe nyumbani ni jambo la kuacha kabisa: baada ya kuunganishwa inatakiwa ipimwe kwenye mashine ya kupimia pampu, ili kiasi cha mafuta na shinikizo la ndani viwekwe sawa kwa kila mwendo. Kubadilisha pampu nzima kwa iliyotengenezwa na kupimwa ni kazi ya spana, na kazi ya spana mtu makini anaweza kuifanya.

Tahadhari moja iwekwe hapa. Kisa hiki ni cha pampu ya kimakenika, ya ukoo wa VE ambao Bosch iliuingiza sokoni mwaka 1975 na viwanda vingine vikautengeneza kwa leseni. Magari ya komoni reli, yaani yenye bomba moja la pamoja linalohifadhi mafuta ya shinikizo kubwa kwa nozeli zote, yaliyoanza kuuzwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, ni habari nyingine. Mfumo wa kwanza wa Bosch wa magari madogo, wa mwaka 1997, ulifika baa 1,350. Kulegeza nati ya bomba huku injini ikizungushwa, jambo la kawaida kwenye injini ya kisa hiki, kwenye komoni reli ni kujitafutia maafa.

Pampu hizi hufanana kwa sura. Ya injini yenye turbo ina kofia ya ziada juu. Za kuzunguka kulia na za kuzunguka kushoto zina bodi moja. Na hata zikifanana kila kitu, ndani kiasi cha mafuta ni tofauti. Cha kulinganisha ni namba iliyo kwenye kibati cha ubavuni. Mwenye gari alipelekewa kwanza pampu yenye namba inayotofautiana kwa tarakimu za mwisho, na muuzaji akamhakikishia kuwa "zote ni zilezile". Aliikataa. Ningeikataa pia.

Kushusha

Alianza kwa kuosha. Aliosha injini upande wa pampu kwa brashi na dawa ya kuondoa grisi, akakausha, kabla ya kulegeza nati hata moja. Punje ya mchanga isiyoonekana kwa macho ni kubwa kuliko nafasi ya planja, na inatosha kuimaliza pampu mpya siku hiyohiyo. Kila tundu lililofunguka lilizibwa papo hapo kwa kofia ya plastiki au kipande safi cha nailoni na raba bendi. Si kwa kitambaa, kwa sababu kitambaa kinaacha nyuzi.

Betri ikakatwa kwenye hasi. Kisha akaizungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, kwa mwelekeo wake wa kawaida, mpaka pistoni ya kwanza ikawa juu kabisa. Kuna mitego miwili hapo, na yeye aliujua mmoja. Pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi: mara moja ikibana hewa, mara nyingine ikitoa moshi. Inayotakiwa ni ile ya kubana, na unaijua kwa kuona valvu zote mbili za silinda hiyo zimefungwa na alama ya puli ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) imeelekea mahali pake. Huo aliujua. Mtego wa pili ni puli ya krenki. Nyingi ni chuma mbili zilizogundishwa kwa raba katikati, na raba ikizeeka, pete ya nje huteleza pamoja na alama yake. Alama inakudanganya bila wewe kujua. Dawa ni kuangalia alama ya gia ya krenki ndani ya kifuniko, ambayo haina raba. Kwenye gari hili zilipishana kidogo, na kama asingefungua kifuniko chote, kazi yote ya taimingi ingejengwa juu ya msingi uliopinda.

Mabomba ya nozeli yanatoka yote kwa pamoja, yameshikwa na vibano vyake. Kila nati ya bomba kwenye pampu imekaa juu ya nati nyingine kubwa zaidi, ambayo ni kishikizo cha valvu ya kupeleka mafuta. Ukivuta spana moja tu, mara nyingi zinazunguka zote mbili, na ile ya chini ikilegea, ndani mna kaspringi na kavalvu visivyotaka kuona uchafu. Spana ya kwanza inashika nati ya chini isitikisike, ya pili inalegeza ya juu. Kwa mwanzoni inaonekana kama mikono miwili haitoshi, lakini ukizipanga spana hizo zikae kama herufi V, unazibana kwa kiganja kimoja.

Belti ilitolewa na kutupwa. Ilikuwa imeloa dizeli, na mpira wa belti ukinywa dizeli unavimba na kupoteza nguvu, hata kama kwa macho meno yake yako sawa. Kwenye injini hii belti ikikatika, pistoni zinakutana na valvu. Tenshena, puli inayokaza belti, nayo ilikuwa na sauti ya mchanga ikizungushwa kwa mkono, ikatupwa. Tangu belti ilipotoka, krenki haikuguswa tena mpaka mpya ilipovaa, kwa sababu hiyohiyo ya pistoni na valvu.

Puli ya pampu imekaa kwenye shafti yenye umbo la koni, na kuna kii ndogo ya nusu mwezi. Haitoki kwa kuvutwa na mkono. Inatakiwa pula inayoshika matundu ya puli na kuisukuma shafti katikati. Anayegonga ncha ya shafti kwa nyundo anaharibu bearingi, na pampu ile ya zamani bado ilikuwa na kazi: ndiyo iliyokuwa itarudishwa kwa muuzaji kama mbadala. Puli ilipoachia, ilitoa mlio mkali uliomfanya mwenye gari arudi nyuma hatua nzima. Ni kawaida. Kii alishaiwekea sumaku chini mapema.

Kupandisha, na moshi mweupe

Pampu mpya ilijazwa dizeli safi kupitia tundu la kuingilia kabla ya kufungwa, shafti ikazungushwa taratibu kwa mkono. Pampu iliyo kavu ikianza kuzungushwa na stata inasagana chuma kwa chuma mpaka mafuta yafike.

Kuna bolti mbili za hozi zinazofanana mno: ya kuingiza na ya kurudisha. Ya kurudisha kwa kawaida imeandikwa OUT kichwani, na ndani yake tundu ni dogo sana, maana tundu hilo ndilo linaloshikilia shinikizo ndani ya bodi. Ukizibadilishana, pampu inavuta mafuta kupitia kitundu cha sindano na kuyarudisha kupitia mlango ulio wazi. Injini inawaka kwa taabu na haina nguvu, na utailaumu pampu isiyo na hatia. Pale ambapo watu wengi hujikwaa, yeye alipita salama kwa sababu alikuwa amezifunga kila moja na hozi yake tangu alipozitoa.

Alipojikwaa ni kwenye belti. Alipanga alama zote tatu: krenki, kamshafti, pampu. Akavisha belti, akalegeza tenshena ikabana, akaona alama ziko sawa kwa jicho, akaizungusha krenki mzunguko mmoja kwa spana, alama ya krenki ikarudi mahali pake, akafunga. Mzunguko mmoja wa krenki ni nusu mzunguko wa kamshafti na pampu. Alama zao wakati huo zimetazama upande wa pili, hazikuambii lolote. Inatakiwa mizunguko miwili kamili, kisha alama zote zikaguliwe upya.

Kwa nini belti ilihama ilhali alama zilikuwa sawa? Kwa sababu pampu hii haitulii pale inapotakiwa. Pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa, planja iko kwenye mpando wa kilima, na springi inaisukuma shafti irudi nyuma. Ukiiachia kidogo tu wakati belti bado imelegea, puli inarudi na belti inapanda jino. Kuna bolti au pini ya kufungia puli kupitia tundu lake kwa ajili hiyo. Kwenye gari hili matundu yalikuwapo, pini haikuwekwa.

Ikafuata kutoa hewa, ambako hakukuwa na taabu. Alipiga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu, akalegeza nati nne kwenye nozeli, mtu mwingine akapiga stata sekunde kumi na kupumzika, mpaka kila bomba likatema dizeli isiyo na povu, akakaza moja moja. Stata haipigwi mfululizo; inaungua. Kazi hiyo aliifanya na glavu na miwani, na uso ukiwa mbali. Shinikizo la nozeli linapenya ngozi, na dizeli ikiingia mwilini kidonda huonekana kama tundu la sindano tu huku ndani mkono unaoza. Hiyo ni dharura ya hospitali saa ileile, hata kama haiumi. Anayetafuta uvujaji kwenye bomba la nozeli hutumia kipande cha boksi, si kidole.

Alikuwa pia na ubao bapa kando ya mdomo wa kuingizia hewa. Pampu iliyofungwa upya ikikwama kwenye mafuta mengi, ufunguo unaweza usiizime injini, na njia ya uhakika ya kuizima ni kuinyima hewa. Ubao haukutumika. Ulistahili kuwapo.

Injini iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mweupe mzito wenye harufu ya dizeli mbichi, na ilipokanyagwa mafuta haikuitika. Moshi wa namna hiyo unasema mafuta yanaingia yakichelewa: pistoni imeshaanza kushuka, joto limepungua, dizeli inatoka bila kuungua. Yangewahi mno, ungesikia injini inagonga kama inapigwa nyundo ndani.

Bolti zinazoishika pampu zimepita kwenye nafasi ndefu zilizopinda, kwa ajili ya kurekebisha. Ukiizungusha bodi kinyume cha mwelekeo wa shafti, mafuta yanawahi. Ukiizungusha pamoja na shafti, yanachelewa. Alizima, akalegeza, akaizungusha kuwahi. Moshi ukapungua. Akaongeza. Ukapungua tena. Akaongeza mpaka nafasi ikaisha, na moshi bado upo.

Hapo ndipo penye somo kubwa la kisa hiki, na kwa maoni yangu ndipo wanaoanza wengi huanza kulaumu pampu waliyouziwa. Nafasi ile ni ya kusahihisha vipande vya nyuzi, si ya kubeba jino. Fanya hesabu: puli ya meno 40 ikihama jino moja, shafti ya pampu imekosea nyuzi 9, na kwa kuwa krenki inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa pampu, kwa krenki ni nyuzi 18. Hakuna kuzungusha bodi kutakakorudisha kiasi hicho chote. Nafasi ikiisha na injini bado inadai zaidi, acha pampu. Fungua kifuniko uhesabu meno.

Alimpigia simu fundi pampu mmoja mzee aliyewahi kumtengenezea trekta baba yake.

"Shikamoo mzee. Nafasi imeisha, moshi haujaisha."

"Marahaba. Basi hilo si la pampu, kijana. Umeruka jino. Zungusha mara mbili ndipo utazame, na uje uchukue geji."

Mizunguko miwili, alama ya pampu ikaonekana imebaki nyuma jino moja. Belti ikatolewa, puli ya pampu ikafungwa kwa bolti kwenye matundu yake, belti ikavishwa ikianzia kwenye krenki huku upande wa kukaza ukivutwa usiwe na ulegevu wowote, tenshena ikabana mwisho. Mizunguko miwili tena. Zote tatu zikakutana.

Geji

Alama peke yake zinakufikisha karibu tu. Mstari uliochorwa kwenye bodi ya pampu ya zamani haufai kuhamishiwa kwenye mpya, kwa sababu kilichopimwa ni pampu moja na uchakavu wake. Kipimo halisi ni mwendo wa planja. Katikati ya mabomba manne, nyuma ya kichwa cha pampu, kuna plagi. Inatolewa, inafungwa geji ya mshale ambayo ncha yake inaigusa planja. Krenki inarudishwa nyuma taratibu mpaka mshale uache kushuka: hapo planja iko chini kabisa, geji inawekwa sifuri. Kisha krenki inazungushwa mbele mpaka pistoni ya kwanza iwe juu kabisa, na unasoma planja imesogea kiasi gani. Thamani inatoka kwenye kitabu cha injini hiyo hasa, na huandikwa kwa sehemu za milimita. Ikisoma pungufu, mafuta yanachelewa.

Ukipita alama, usirudi nyuma kidogo tu ukaridhika. Rudi mbali, uje tena kwa mwelekeo wa kuzunguka, ili ulegevu wa belti uwe upande uleule kila mara. Na kama pampu ina kifaa cha kuwahisha mafuta wakati wa baridi, lile jengo dogo lenye wenzo ubavuni, lazima kiachishwe kwanza. Kikiwa kimeshika, geji inasoma uongo. Chake kilikuwa kimeshika, kwa kuwa injini ilikuwa baridi, na kipimo cha kwanza cha geji hakikuingia akilini mpaka alipokiachisha. Mabomba ya nozeli nayo yalegezwe ncha zote mbili kabla ya kuizungusha bodi, yasije yakajipinda na kupasuka miezi ya mbele.

Baada ya geji, injini iliwaka kwa pigo fupi la stata. Moshi mweupe ulionekana sekunde chache ukaisha. Skrubu ya kiasi cha juu cha mafuta, ile yenye lakiri ya nyuma ya pampu, hakuigusa, ingawa jirani alimshauri aifungue kidogo "ipate nguvu". Nguvu hiyo hulipwa kwa moshi mweusi na pistoni zilizopata joto kupita kiasi, na pampu inakuwa haina tena kipimo ilichotoka nacho kwenye mashine.

Siku zilizofuata alikagua mambo machache: nati za mabomba zikiwa kavu, kifuniko cha belti kwa ndani kikiwa kikavu, hozi ya plastiki ikiwa imejaa asubuhi. Kipimo cha moto alikirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa furaha tu. Liliwaka bila kitambaa.

Pampu ya zamani ilifunguliwa na yule mzee kabla ya kurudishwa. Planja ilikuwa na michirizi inayoonekana kwa macho, kama kipimo cha kitambaa kilivyosema. Lakini kulikuwa na jingine ambalo hakuna kipimo cha nje kilichoweza kulionyesha: bushi ya shafti ilikuwa imelika kiasi kwamba shafti ilicheza ikitikiswa kwa vidole. Shafti inayocheza inaipanua sili kila mzunguko. Sili mpya ingewekwa pale, ingevuja tena na kuiloweka belti mpya.